Mkanda wa Kukimbilia

Mume wangu aliapa kuuza cherehani yangu baada ya kunivuta kutoka chini ya meza ya kukatia kwa blanketi. Nilikuwa nimeinama kuokota kifungo. Kifungo kimoja tu cha shati, tena cha mteja ambaye hata umshonee vipi atasema kola inamkaba. Nilipotaka kuinuka, mgongo ukagoma. Nikabaki pale kwa magoti na viganja, natazama miguu ya meza, siwezi mbele wala nyuma. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua.

Sisi wawili tuna chumba chetu cha ushonaji. Mimi nakata na kushona, yeye anapima wanaume na kupiga pasi. Mimi namwita Bwana Pasi, yeye ananiita Fundi, na tumeitana hivyo tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa kati ya marobota ya vitambaa mpaka wakakua wakaondoka. Mgongo ulikuwa ukinisumbua kwa miaka. Ukikaa kwenye kiti kigumu kutwa nzima, shingo mbele, kiuno kimepinda, mguu uko kwenye kanyagio, mwili nao utakuja kudai chake. Nilikuwa nauma meno naendelea. Lakini ile siku ya kifungo ilikuwa habari nyingine. Bwana Pasi alinilisha, akaniogesha, akanikata kucha za miguu, na mimi kazi yangu ikawa kutazama dari na kumkaripia kwamba maji ni ya moto mno.

Nilipoanza kutembea tena, alinikalisha sebuleni akasema neno moja tu. Nikikwama tena, cherehani inaondoka, na mtu wa kuichukua ameshampata. Sasa, Bwana Pasi si mtu wa maneno mengi. Mimi nikisema jambo, subiri kidogo, nitasema jingine. Yeye akisema, limekwisha kusemwa.

Jamani, nilikasirika. Nilimpa vidonge vyake vyote, akavimeza, akaenda zake kukunja mashuka. Lakini chini ya hasira nilikuwa na hofu, na sioni aibu kusema hivyo. Bila cherehani mimi ningefanya nini? Ningekaa kibarazani nikague nguo za wapita njia, huyu pindo limeshuka, yule bega limepanda, na nisiweze kumgusa hata mmoja? Afadhali maumivu. Maumivu nimeyazoea.

Hospitali nilipokewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti ambaye ningeweza kumzaa. Aliniinamisha, akaninyanyua miguu, akanisukuma huku na huku, kisha akaniambia mambo ambayo sikuyategemea. Kwamba picha ya mifupa haikuonyesha kitu kilichovunjika. Kwamba mgongo wangu umedhoofika kwa kukaa, na dawa yake ni kuutumia. Nianze kutembea, na nikizoea nikimbie kidogo kidogo. Kuuma kidogo si kuharibika. Na mgongo ukinikamata tena nisikimbilie kulala, nitembee polepole mpaka uachie. Nikamuuliza kuhusu mkanda wa kufunga kiunoni, maana niliwahi kuona watu wakiwa nao. Akasema kwa hali yangu hauhitajiki, misuli yangu mwenyewe ndiyo mkanda. Hilo la mwisho liliingia sikio hili likatokea lile.

Mtu wa kunikimbiza nilikuwa naye ndani ya ukoo. Wifi yangu, dada yake Bwana Pasi, ni mwalimu wa michezo, na kila asubuhi kabla ya shule hukusanya watu wasiojua kukimbia akawafundisha kwenye barabara ya nyuma ya uwanja. Nilipomwambia nataka kujiunga, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mdomo wangu una mbio za kutosha, tatizo litakuwa kuufikia kwa miguu. Nikamwambia na yeye ashukuru kwamba kaka yake alioa, la sivyo angekuwa anavaa magunia. Basi hayo ndiyo maamkizi yetu, na tukishaamkiana hivyo ujue tunapendana.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kuuelewa. Barabara ile ina nguzo za taa. Unakimbia kutoka nguzo moja hadi nyingine, halafu unatembea nguzo mbili, halafu unakimbia tena. Ukizoea, unaongeza nguzo za kukimbia na kupunguza za kutembea. Hakuna kushindana. Mwenye kuweza kuongea anakimbia sawasawa. Asiyeweza kuongea apunguze mwendo.

Asubuhi ya kwanza nilivaa raba mpya na gauni la zamani, na Bwana Pasi akasimama mlangoni kama anayesindikiza msiba. Nilikimbia nguzo moja. Nasema nilikimbia kwa kuwa ndilo neno lililopo, ila mama mmoja aliyekuwa akitembea na kapu lake alinipita. Mapafu yaliwaka, mapaja yalitetemeka, na mgongo ukawa unanung'unika kila nilipokanyaga. Haukukaza, ulinung'unika tu. Nilifika kwenye nguzo nikaikumbatia, wifi akanipigia makofi peke yake, na moyoni nikasikia furaha ya kitoto ambayo sikuitafuta. Nilirudi nyumbani nimelowa jasho, nikashona sketi kutwa nzima huku najichekea.

Hapo ndipo ningetulia, kama ningekuwa mtu wa kutulia.

Lakini mimi ni fundi. Kwa fundi, kitu kikilegea hakiachwi kijikaze chenyewe. Kola ikilala unatia kile kitambaa kigumu ndani, unapiga pasi, inasimama. Kiuno cha gauni kikibonyea unatia bitana na vijiti vyembamba pembeni, bibi harusi anasimama wima hata kama tangu jana hajala. Nimesimamisha wanawake wangapi kwa namna hiyo! Nikajiambia, mgongo wangu ni kiuno kilicholegea, na dawa ya kiuno kilicholegea naijua vizuri kuliko binti wa hospitali.

Nikajishonea mkanda. Nikikumbuka ile kazi, hata leo nafsi inasisimka. Kitambaa kizito cha viti nje, bitana laini ndani, kitambaa kigumu cha kola katikati mara tatu, na vijiti vya plastiki kuzunguka mbavu mpaka kiunoni. Mshono umenyooka, pembe zote zimegeuzwa. Na kwa kuwa mkono umeshazoea magauni ya harusi, kulabu nikaziweka nyuma, ndogondogo, safu nzima, kila moja nimeishona mara mbili isije ikachomoka. Mbele pakabaki safi kabisa. Nilipoumaliza ndipo nikagundua kwamba mwenyewe sifiki kulabu hata moja. Bibi harusi huwa na mtu wa kumfunga.

Mimi nilikuwa na Bwana Pasi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo, nikavuta tumbo ndani, naye akafunga kulabu kutoka chini kwenda juu. Vidole vyake ni vinene lakini ana subira. Nilidhani atanikataza, maana alikuwepo hospitali na alisikia yote. Hakunikataza. Akimaliza alipitisha kiganja juu ya mkanda kulainisha mikunjo, kama anavyofanya kwenye shati kabla ya kuweka pasi, halafu ananiacha niende.

Na weee, nilikwenda! Nilikimbia nimenyooka kama askari wa gwaride. Nguzo moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Wanawake wenzangu wa kundini wakaanza kuuliza mkanda ule unapatikana wapi, nami nikajibu kwa mbwembwe kwamba haupatikani popote, unashonwa na mimi. Wifi hakucheka. Alinitazama kwa jicho la pembeni akauliza kama mtaalamu anajua. Nikamwambia mtaalamu hajui kushona. Watu wakavunjika mbavu, na swali likapita.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kwamba nikiuvua mkanda nilijihisi mnyonge. Mwanzo niliuvaa kwa kukimbia tu. Kisha nikawa nauvaa mpaka chai. Kisha nikauvaa kwenye cherehani, kutwa, na ukivuliwa jioni nilikuwa natafuta ukuta wa kuegemea. Nilijua maana yake. Fundi yeyote anajua: nguo iliyozoea kijiti, ukikitoa inaanguka. Nikajitia hamnazo. Nikauingiza ndani kidogo ubane zaidi.

Siku ya siku wifi alitangaza kwamba tutakimbia barabara nzima, kutoka geti la uwanja hadi tangi la maji, bila kutembea. Nilikuwa mbele. Nilikuwa najisikia vizuri, tena nilikuwa nikimtania mwenzangu aliyekuwa nyuma, ndipo nikagundua kwamba siwezi kumaliza sentensi. Pumzi inaingia nusu, inagota kwenye mkanda, inarudi. Nikakaza mwendo badala ya kupunguza. Kiuno kikataka kuzunguka, mkanda ukakataa. Halafu nikasikia pale pale, chini upande wa kushoto, mgongo unanikamata.

Nilishika nguzo iliyokuwa karibu. Sikuanguka. Nilisimama nimepinda, jicho kwenye lami, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa maumivu. Ilikuwa cherehani. Niliiona kabisa inabebwa na watu wawili, inapitishwa mlangoni kwa ubavu, na Bwana Pasi anawaonyesha njia.

Wifi alifika, akanishika bega, akaita wenzake wasimame kando. Aliona siwezi kupumua vizuri akaanza kuhangaika na kulabu. Kulabu zangu! Nimezishona mara mbili, kitambaa kimevutika, jasho limeingia, na mimi nimepinda. Alivunja kucha mbili na hakufungua hata moja. Akasema anampigia simu kaka yake. Nikamwambia asithubutu. Nilimsihi, mimi ambaye sijawahi kumsihi mtu. Nilimwambia kaka yake akiniona hivi, kazi yangu imekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Yeye anajua kile kiapo, ukoo mzima unakijua.

Akashusha simu. Akaniambia basi, uamuzi ni wangu, yeye atakaa na mimi pale pale mpaka jua lituunguze.

Nilisimama na ile nguzo. Nilijaribu kuvuta pumzi, ikagota tena. Nikafikiria kurudi nyumbani kwa kujikokota, nimwambie nimechoka tu, kesho nifungwe tena, nikaze meno tena. Ningeweza. Mimi kudanganya kuhusu maumivu ni kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko hata ushonaji. Lakini mkanda ulikuwa unanibana, na mtu pekee mwenye vidole vinavyozijua zile kulabu alikuwa nyumbani anawasha pasi.

"Mpigie kaka yako," nikasema.

Alikuja mbio. Sijawahi kumwona Bwana Pasi akikimbia, na sitasema alikuwa akipendeza, ndala moja mkononi, moja mguuni, na begani amebeba blanketi. Lile lile. Alipiga magoti nyuma yangu akaanza kulabu ya chini. Ilikataa. Alijaribu ya pili, akajaribu ya juu. Kisha akatoa mfukoni kiwembe cha kufumulia, maana mtu wa kazi yetu hatembei bila hicho, akasita.

"Fundi, nikate?"

Alijua anachouliza. Hakuna nguo niliyowahi kuishona vizuri kama ile.

"Kata."

Alikata mshono wa pembeni kutoka juu hadi chini. Nilisikia uzi unakatika, mmoja mmoja, kisha kitambaa chote kikaachia na pumzi ikaingia mpaka tumboni. Nikalia. Watu wakadhani ni maumivu. Yalikuwepo maumivu, lakini nililia kwa ile pumzi.

Bwana Pasi alikuwa ameshatandika blanketi kando ya barabara, anataka nilale. Nikakataa. Nilimwambia binti wa hospitali alisema nisilale, nitembee. Akanitazama kama anayetazama kichaa, akamtazama dada yake, dada yake akatikisa kichwa kukubali. Basi tukatembea. Hatua zangu za mwanzo zilikuwa za mtoto anayejifunza. Tulifika nguzo ya kwanza tukapumzika. Ya pili tukapita. Kwenye kona nilihisi mgongo umeanza kulegeza ngumi yake, na tulipofika nyumbani nilipanda kizingiti mwenyewe, bila kushikwa. Yeye mkono wake ulikuwa nyuma yangu muda wote, haunigusi, umekaa tayari tu.

Siku ile hatukufungua kwa wateja. Yeye alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mimi nilizunguka chumba, nikikaa kidogo, nikitembea kidogo, na kila nilipopita karibu na cherehani niliigusa. Mchana ukaisha, chai ikanywewa, yeye bado na pasi yake. Mimi ndiye mwenye haraka siku zote, nikaona heri aniue mara moja.

"Huyo mtu wako anakuja kuichukua lini?"

Aliisimamisha pasi. Alichukua muda mrefu kuchomoa waya, akauzungusha vizuri kwenye mpini, akaketi kwenye kiti changu cha cherehani ambacho huwa hakai.

"Nilisema ukikwama," akasema. "Leo hukukwama. Leo ulifungwa, na mimi ndiye niliyekufunga."

Nikamwambia mkanda niliushona mimi. Akasema anajua. Lakini alisikia hospitali kama nilivyosikia mimi, na hakunyamaza kwa kusahau. Ndipo akanieleza, akitazama sakafu, kwamba tangu siku ile ya kifungo hawezi kuniona nikiinama. Nikiinama kuvaa kiatu, anaacha anachofanya. Nikichelewa bafuni, anakuja kusimama nje ya mlango. Usiku akisikia nimejigeuza anahesabu pumzi zangu. Mkanda ulipokuja alishukuru.

"Kila nilipofunga ile kulabu ya mwisho nilikuwa nasema, leo hataanguka. Wewe ulikuwa hupumui, lakini mimi nilikuwa napumua. Nilikuwa radhi uishi umefungwa hivyo hivyo. Hata cherehani nilitaka iondoke kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa najitibu mimi, Fundi. Si wewe."

Nilimtazama yule mwanaume mnene ameinamisha kichwa kwenye kiti changu, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea miezi ile ikaniyeyukia mikononi. Nilikuwa nadhani amechoka kunihudumia. Kumbe amechoka kuogopa, na hakuna aliyemuuliza.

Nikaenda nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono mabegani mwake. Nilimwambia mgongo huu utaniuma tena, labda kesho, labda mwakani, na hakuna atakachokifunga kitakachouzuia. Nikamwambia siku ukinikamata nitamwita yeye kwanza, sitajikaza tena mbele yake. Nilimaanisha. Akaitikia kwa kichwa. Halafu nikamwambia ainuke kwenye kiti changu, kuna suruali inasubiri zipu, na kwamba atafute raba, kwani mwenye hofu ya mgongo wa mwenzake ni bora aje auone ukifanya kazi.

Binti wa hospitali alinipima akanikaripia ipasavyo, akanirudisha mwanzo kabisa wa mpango. Nguzo moja ya kukimbia, mbili za kutembea. Nilikubali bila kubishana, na alishangaa, nadhani alikuwa amejiandaa.

Asubuhi tuliyorudi barabarani Bwana Pasi alikuja amevaa raba za kijana wetu, zimemzidi kidogo, na kaptura ambayo nilimshonea haraka haraka na sitaki kuizungumzia. Wifi alituona akaziba mdomo kwa mikono miwili. Tukaanza pamoja. Kiuno changu kilikuwa huru, ndani ya blauzi tu, na kila hatua nilikisikia kikizunguka kinavyotaka. Kiliuma. Si sana, kiliuma kama kinavyoniuma hata sasa ninapoyaeleza haya.

Kwenye nguzo ya kwanza Bwana Pasi alikuwa hoi. Alikaa kwenye ukingo wa barabara, mkono ubavuni, anahema, akanionyesha kwa kidole kwamba niendelee. Nikaendelea. Nilitembea nguzo zangu mbili, nikakimbia yangu moja, nikatembea, nikakimbia tena. Nilikuwa mbali kiasi nilipogeuka kumtazama, kwa kuwa nilijua nitayakuta macho yake yamenishika.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amenipa mgongo, anamwonyesha dada yake lengelenge kisiginoni, na wote wawili wanacheka.

Nilisimama pale katikati ya barabara nikiwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kisha nikaona nguzo inayofuata ni ya kukimbia, nikakimbia.